Jamboni la Noeli na Sahani ya Marehemu

Asubuhi za Panda, mtaa wetu wa wafanyakazi wa kampuni, siku hizo zilikuwa kimya. Zamani king'ora cha kampuni kililia alfajiri, na wanaume walitoka kila mlango wakiwa na kofia ngumu kichwani. Mwaka ule wa 1995 king'ora hakikulia tena. Bomba kubwa la moshi lilisimama bila moshi. Katika mstari wetu wa nyumba, nyumba tatu zilikuwa tupu. Upepo ulifungua milango yake na kuifunga, kama kuna mtu anayeingia na kutoka.

Mama Hortense alikuwa ameizoea hali hiyo. Jambo moja tu lilimshinda. Kila asubuhi mama mkwe wake, Kambo Élisabeth (kambo kwetu ni nyanya au babu), alipowasha mbabula, yaani jiko la makaa, alisimama na kutega sikio.

"Siren imelia," alisema. "Théodore iko njiani."

Théodore alikuwa mume wake. Alifanya kazi kiwandani miaka thelathini. Naye alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita.

"Siren ya wapi, mama?" Hortense aliuliza. "Minye sisikie kitu."

"Masikio yako ni ya juzi, mukwe wangu. Yangu ni ya zamani."

Bénie, binti wa Hortense, alicheka. Alikuwa na umri wa miaka sita, na alimpenda nyanya yake kuliko peremende. Hortense hakucheka. Siku hizo maneno kama hayo yalimtia baridi mgongoni, na nitawaambia kwa nini.

Wiki moja kabla ya Noeli, Baba Clovis, mume wa Hortense, alirudi nyumbani na uso wa furaha. Clovis alikuwa fundi wa kampuni, lakini mshahara ulikuwa umesahau njia ya nyumbani kwake. Basi alitengeneza pampu za maji za watu. Kwa wiki mbili alikuwa akitengeneza pampu ya masista wanaofuga nguruwe.

"Mama Bénie," alisema, "masista banatupatia jamboni. Kama mwaka jana."

Hortense aliacha kupepeta unga. Kambo Élisabeth aliinuka polepole, akaingia chumbani, akafunga mlango. Hata Clovis mwenyewe aliinamisha kichwa. Furaha ilikuwa imemfanya asahau, na sasa alikumbuka.

Mwaka uliotangulia Clovis alilileta jamboni juu ya baiskeli, siku moja kabla ya Noeli. Lilikuwa paja zima la nguruwe. Masista walikuwa wamelitia chumvi, wakalifukiza kwa moshi, wakalipika mpaka likaiva. Clovis alilifunga kwa kitambaa cheupe kama mtoto mchanga. Majirani walisimama kumwangalia akipita. Miezi mingi hakuna aliyekuwa ameona nyama kubwa hivyo.

Lakini furaha ya Noeli ile haikufika jioni. Wote waliokula walishikwa na tumbo. Clovis alitapika mpaka akashindwa kusimama. Hortense alilala chini kwenye mkeka. Bénie alitapika, akapata nafuu kidogo, halafu kesho yake akaanza tena, vibaya zaidi. Siku tatu alilala katika zahanati na mpira wa dawa mkononi. Macho yake yaliingia ndani. Hortense alifikiri anamzika mtoto wake wa pekee.

Mtu mmoja tu hakuugua. Kambo Élisabeth alitembea kati ya wagonjwa, akiwapa maji, akiimba kwa sauti ya chini wimbo ambao Hortense hakuujua.

Tena kulikuwa na jambo la sahani. Kambo alikuwa na desturi yake. Théodore alipokuwa akifanya kazi ya zamu, hakuna aliyejua saa atakayorudi. Kwa hiyo mkewe alimwekea sahani chumbani, juu ya kigoda, akaifunika kwa kitambaa. Wanawake wengi wa Panda walifanya hivyo. Lakini Kambo hakuacha hata baada ya mazishi. Kila sikukuu aliweka sahani juu ya kigoda, chini ya kofia ngumu ya marehemu iliyoning'inia ukutani. Na Noeli ile, kesho yake, sahani ilikutwa tupu. Nyama haikuwapo. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri, pembe kwa pembe.

Habari hiyo ilifika kwa Mama Rosalie, jirani aliyeongoza kikundi cha sala. Rosalie hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa na ulimi mwepesi, na ulimi mwepesi huua kabla ya kisu.

"Tuangarie," alisema. "Nani hakugonjwa? Nani analisha bantu bakufwa mu nyumba? Minye sisemi jina."

Hakulisema jina, lakini mtaa mzima ulilisikia: muloji, mchawi. Watoto waliacha kumsalimia Kambo. Wanawake walihama bombani alipofika na ndoo. Clovis alimtetea mama yake wiki moja, wiki mbili, kisha akachoka. Mwishoni alitamka neno ambalo mtoto hapaswi kulitamka.

"Mutu mumoja akigonjwa tena mu sikukuu," alisema, "mama atarudia ku kijiji."

Kijijini hakukuwa na mtu tena. Nyumba ilikuwa imeanguka. Kambo alilisikia neno hilo kupitia ukuta. Kesho yake alifunga vitenge vyake viwili, sufuria moja na Biblia katika mzigo mdogo. Akauweka karibu na mlango. Mzigo ule ulikaa hapo mwaka mzima. Kila mtu aliuruka alipotoka nje, na hakuna aliyeutaja.

Sasa jamboni lilikuwa linarudi.

Hortense hakulala vizuri siku zile. Kulikataa jamboni hakuweza. Lilikuwa malipo ya kazi ya wiki mbili, na mtoto alikuwa amekonda. Kulipokea aliogopa. Basi alivaa kitenge chake kizuri, akaenda mtaa wa Kikula, kwenye zahanati ambako Mama Marceline alikuwa muuguzi. Ni yeye aliyekuwa amemtibu Bénie.

Marceline alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimsikiliza Hortense mpaka mwisho. Kisha akauliza maswali, moja baada ya jingine.

"Jamboni lilifika siku gani ku nyumba?"

"Siku moja mbele ya Noeli. Asubuhi."

"Lililala wapi?"

"Pa meza. Hatuna frigo, mama. Hata tungekuwa nayo, courant ya umeme ilikatika."

"Bon. Nani alilitia pa moto, na saa gani?"

"Mama mukwe. Mapema, mbele ya kwenda ku culte. Alilitia nzima mu sufuria kubwa. Alitia makala ya mbabula kiloko tu, kidogo kabisa, na majivu yulu yake, moto isiiunguze."

"Na mulirudi ku culte saa gani?"

"Saa kumi. Weye unajua culte ya Noeli."

Marceline alijua. Ibada ya Noeli, ndiyo culte, huanza na jua na kumaliza na njaa.

"Mulipokata, mule katikati ilikuwa namna gani?"

Hortense alifumba macho. Alimwona tena Clovis na kisu mkononi, akicheka. "Baba Bénie alisema, inje ni vuguvugu, ndani ni baridi. Akasema, akuna neno, masista baliisha kulipika."

"Na Kambo alikula?"

"Hana meno. Nyama ile ilikuwa nguvu. Alikula bukari na sombe tu." Hiyo ni ugali na kisamvu.

"Sombe ilikuwa moto?"

"Ilikuwa inachemuka."

Marceline alivua miwani yake. Aliifuta muda mrefu.

"Mama Bénie, sikia muzuri. Akuna muloji pale. Kuna bidudu bidogo, jicho haiwezi kubiona. Nyama iliyopikwa ni chakula yao pia. Ukiiacha pa meza siku nzima mu joto yetu, binakuya, binazaa. Ukiitia pa moto kiloko, vuguvugu, haubiue. Unabitandikia kitanda. Toka asubuhi mpaka saa kumi bilikuwa binazaa mule. Bingine binaacha sumu mu nyama. Ile sumu, ata ukichemusha kisha, haitoke."

"Lakini ilikuwa imeisha kupikwa!"

"Imeisha kupikwa, ni kusema unaweza kuikula. Si kusema haiwezi kuoza."

Mwaka mzima Hortense alikuwa amemwogopa mama mzee kwa sababu ya makaa machache.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza.

"Kwanza, liache kwa masista. Biko na chambre froide, chumba ya baridi, na groupe yao ya kutoa courant. Clovis aende kulichukua kisha ya culte, si mbele. Lisikae pa meza. Pili, usilitie nzima. Mbabula haiwezi kupasha paja nzima mpaka katikati. Likate vipande vikubwa kama kiganja. Tia mu sufuria, mayi kiloko chini, funika muzuri. Moto ya nguvu. Mayi ichemuke, moshi itoke. Kisha ingiza kisu mu kipande kinene, katikati kabisa. Uhesabu mpaka kumi. Toa kisu, ugusishe kiloko hapa." Alionyesha upande wa ndani wa mkono. "Kama kisu ni ya moto sana, nyama iko tayari. Kama ni vuguvugu, rudisha pa moto. Na mukule mara moja, ingali moto."

"Na itakayobakia?"

"Hauna frigo. Usiiache kesho. Kabla masaa mbili hayajapita, gawia jirani, ile ile siku, nao bakule pale pale. Ukiisikia harufu mubaya, tupa. Lakini usingoje harufu. Ingine inaua bila harufu."

Hortense alisimama kuondoka. Mlangoni alisita.

"Mama Marceline, na sahani? Ile ya baba mukwe? Nani alikula?"

Muuguzi alirudisha miwani yake puani.

"Minye ni infirmière. Ya bantu bakufwa sijue. Lakini kwanza uulize bazima."

Siku ya Noeli mvua ilijikusanya tangu asubuhi. Mawingu yalishuka mpaka bomba la kampuni likakosa kichwa. Mchana ulikuwa na giza kama jioni, na zile nyumba tupu zilipiga milango yake: pa, pa, pa. Baada ya culte Clovis alipanda baiskeli, akaenda kwa masista, akarudi mbio. Jamboni lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Mama Rosalie alikuja nyuma yake bila kualikwa. Alisema amekuja kusali pamoja na jamaa. Kusema kweli alikuja kuangalia.

Kambo Élisabeth hakugusa sufuria. Alikaa karibu na mlango, mkono juu ya mzigo wake. Hortense alinawa mikono kwa sabuni. Alikata vipande, akatia maji, akafunika, akapepea makaa mpaka yakawa mekundu. Mvuke ulitoka. Aliingiza kisu, akahesabu, akakigusisha mkononi. Vuguvugu. Clovis alikuwa tayari na sahani.

"Mama Bénie, njaa inatuua."

"Njaa ya leo inaua polepole," Hortense alijibu. "Ngoja."

Alirudisha kifuniko, akaongeza makaa. Alipojaribu tena, kisu kilimfanya auvute mkono haraka. Alijaribu kipande cha pili, na cha tatu. Vyote vilikuwa moto mpaka ndani. Ndipo akapakua.

Lakini alipogeuka alimwona Kambo. Mama mzee alikuwa amechukua kipande kimoja. Alikiweka kwenye sahani, akaenda nacho chumbani bila kumtazama mtu. Walisikia kigoda kikisogezwa. Walimsikia akisema, "Théodore, ni Noeli." Kisha akarudi mahali pake mlangoni.

"Munaona?" Rosalie alinong'ona. "Munaona na macho yenu?"

Walisali, wakaanza kula. Nyama ilikuwa tamu, yenye moshi na chumvi, laini kwa sababu ya mvuke. Hata hivyo walikula kama watu wanaongoja habari mbaya. Mvua ilianguka yote kwa mara moja, na bati likanguruma.

Kisha mvua ikapungua ghafla. Katika kimya kile walisikia sauti chumbani.

Ilikuwa sauti ya sahani ikigusa mbao. Halafu sauti ya kutafuna. Taratibu, bila haraka, kama mtu aliyetoka kazini na kuchoka.

Clovis alibaki na tonge mkononi. Rosalie aliangukia magoti na kuanza kusali kwa lugha ambayo mimi siwezi kuiandika. Kambo Élisabeth alisimama. Machozi yalimtiririka, lakini uso wake ulikuwa unang'aa.

"Amerudi ku zamu," alisema.

Hortense alitaka kukimbia. Nawaambia kweli, miguu yake ilikuwa imekwisha geukia nje. Ndipo akakumbuka: kwanza uulize bazima. Aliwaangalia walio hai, mmoja mmoja. Clovis. Rosalie. Kambo. Na mahali pa Bénie kwenye mkeka palikuwa tupu.

Alifungua mlango wa chumba. Chini ya kofia ya marehemu alichuchumaa Bénie, mashavu yamejaa, midomo inang'aa mafuta. Sahani ilikuwa tupu. Mtoto alikuwa anakunja kitambaa, pembe kwa pembe, kama nyanya yake alivyomfundisha.

"Bénie! Unafanya nini?"

"Ninasaidia kambo mwanaume," alisema mtoto. "Haimalize yeye peke. Kila mara anaacha yote."

Hortense alipiga magoti mbele yake.

"Na mwaka jana? Weye njo ulikula?"

"Eh. Lakini ya mwaka jana niliikula kesho yake. Ilikuwa inateleza." Bénie alikunja uso. "Leo njo ilikuwa muzuri. Ilikuwa moto."

Nyumba nzima ilisikia. Rosalie aliacha kusali. Sasa kila mtu alielewa kwa nini mtoto aliugua mara mbili, kwa nini karibu afe. Nyama iliyokaa siku nzima juu ya meza, siku nzima vuguvugu, na tena mpaka asubuhi chini ya kitambaa.

Kambo Élisabeth aliketi chini kama mtu aliyepigwa. Hakumlaumu mtu. Alijishika kichwa.

"Kumbe ni mukono yangu," alisema. "Mukono yangu njo kiloko imuue."

"Hapana, mama," Hortense alisema. "Hatukujua. Sisi bote hatukujua."

Clovis alisimama kati ya mama yake na mzigo ule wa mlangoni. Aliutazama mzigo. Mwaka mzima alikuwa ameuruka. Kisha yule mwanamume mkubwa aliweka uso wake juu ya magoti ya mama yake, akalia kwa sauti. Mimi sioni aibu kuliandika hilo. Aibu ilikuwa mwaka mzima kabla yake.

Mama Rosalie aliinuka, akajipangusa magoti. Alitafuta la kusema, na kwa mara ya kwanza ulimi wake ulikuwa mzito.

"Kambo," alisema mwishowe, "unisamehe. Nilihesabu mubaya."

"Ukae, ukule," Kambo alimjibu. "Ingali moto."

Kesho yake asubuhi Hortense alipita nyumba nzima akigusa paji la uso la kila mtu. Clovis alikuwa mzima. Bénie alikuwa mzima, akitaka bukari. Kwa Rosalie, ambako walipeleka vipande vilivyobaki jioni ile ile, wote walikuwa wazima. Hortense alitoka nje na nusura aanguke, kwa sababu alirusha mguu kuuruka mzigo, na mzigo haukuwapo. Vitenge viwili vya Kambo vilikuwa juu ya kamba, vimefuliwa, vinadondosha maji.

Tangu siku hiyo wanawake wa mstari wetu hupasha nyama kwa namna ya Mama Marceline. Wanapoingiza kisu na kuhesabu, watoto huhesabu pamoja nao kwa sauti. Na Rosalie huwasahihisha wote, kana kwamba ni yeye aliyeanzisha.

Mwaka uliofuata Clovis alileta jamboni tena. Hortense alilipasha, akakijaribu kila kipande. Ndipo Kambo Élisabeth akaleta sahani yake. Safari hii hakwenda chumbani. Aliiweka mezani, mbele ya kiti kitupu, bila kitambaa, mvuke ukipanda.

"Mama yangu alinifundisha, na minye nilisahau," alisema. "Bantu bakufwa hawakule nyama. Banakula moshi yake. Nyama ni ya batoto."

Tuliinamisha vichwa kusali. Mimi nilikuwapo siku hiyo, mimi jirani wa nyumba ya tano. Mlango ulikuwa umefungwa na madirisha pia. Upepo haukuwapo. Lakini nililifumbua jicho moja, na niliona mvuke ule ukiacha kupanda wima. Uliinama kando, taratibu, kuelekea kwenye kiti. Kisha ukaisha.

Bénie naye alikuwa ameuona.

"Kambo," alinong'ona, "amemaliza?"

"Amemaliza," alisema Kambo Élisabeth, akamsogezea sahani. "Kula sasa, mutoto wangu. Usingoje ipoe."